Ubao wa Futi Mbili

Ubao wa futi mbili kwa mbili unamtosha chui mmoja. Ukimwongeza wa pili, itabidi wote wawili wapunguzwe, na chui aliyepunguzwa si chui tena. Edward Saidi Tingatinga alilielewa hilo mapema, na ndiyo maana katika picha zake nyingi mnyama ni mmoja, naye ameujaza ubao ukingo kwa ukingo. Mgongo unakaribia kugusa juu, kucha zimekanyaga chini kabisa, na mkia ukikosa pa kupita unapinda na kurudi juu ya mgongo. Mwili umechorwa kwa ubavu, lakini mara kwa mara uso umegeuzwa ukatukabili, na macho mawili ya duara yanamkazia anayetazama mpaka yeye ndiye atakayeinamisha uso kwanza.

Mraba ule ulitokana na hesabu ya fundi. Hadibodi iliuzwa kwa wajenzi, kwa ajili ya dari na kuta za kutenganishia vyumba, na pande zima lilikuwa na upana wa futi nne na urefu wa futi nane. Lipime, lipitishe msumeno kila baada ya futi mbili, utapata vipande vinane na hakibaki hata kimoja cha kutupa. Mtu anayenunua ubao kwa fedha yake mwenyewe, fedha ya mshahara mdogo, hawezi kupuuza hesabu ya namna hiyo. Akishakuwa na miraba minane mezani, swali linalofuata ni la mchoraji: kitu gani kinakaa vizuri ndani ya mraba? Mti mrefu haukai, wala mto. Anakaa tembo. Anakaa kanga aliyetandaza mbawa, na fisi aliyejikunja, na ndege wawili waliopishana midomo.

Rangi nayo ilitoka duka la vifaa: rangi ya mafuta yenye kung'aa, ya kupakia baiskeli, katika vikopo vidogo. Aliyewahi kuishika anajua tabia yake. Ni nzito, huteleza chini ya brashi, na haitaki kukutanishwa na nyingine ikiwa mbichi. Nyekundu mbichi ikigusana na nyeupe mbichi, mpaka unavurugika na hapo hakuna cha kuokoa isipokuwa kufuta kwa mafuta ya taa na kuanza upya. Kwa hiyo kila rangi lazima ingoje iliyotangulia ikauke. Kwanza hupakwa rangi ya chini, ubao mzima. Inangojwa. Kisha umbo la mnyama kwa rangi moja isiyo na kivuli. Linangojwa. Kisha madoa, na ndani ya kila doa kitone cha rangi nyingine, na ndani ya kitone pengine kingine kidogo zaidi. Mwishoni hupita mstari mwembamba unaozungushia kila kitu, mstari unaotaka pumzi ishikwe, kwa sababu rangi ya mafuta haisamehe mkono unaotetemeka.

Watu husifu ukali wa rangi za picha hizi, ile njano inayopiga kelele kando ya buluu. Mimi ninachosifu ni mpaka kati ya hizo mbili. Mpaka safi namna ile ni zao la saa nyingi za kukaa bila kugusa kitu. Mchoraji mwenye haraka hujulikana hapo hapo: ukingo wa doa umefumuka, njano imeingia kwenye nyeusi, na jicho la mnyama limekuwa na ukungu. Katika picha nzuri za Tingatinga mwenyewe rangi ni chache, wakati mwingine nne au tano tu, na kila moja imeachiwa nafasi yake mpaka ikakauka sawasawa.

Mtu huyu alizaliwa mwaka 1932 katika wilaya ya Tunduru, kusini kabisa mwa Tanganyika. Baba yake alikuwa Mwislamu na mama yake Mkristo, na majina yake mawili ya mwanzo yamebeba nyumba zote mbili. Nchi ile ni ya miombo. Mto Ruvuma uko upande mmoja na mapori makubwa ya wanyama upande mwingine, na mkulima wa huko hamjui tembo kwa hadithi, anamjua kwa mahindi yaliyokanyagwa usiku. Katika miaka ya 1950 kijana huyu alifuata njia waliyoifuata vijana wengi wa kusini: akaenda Tanga kufanya kazi katika mashamba ya mkonge.

Sisi tunaoishi Lushoto, katika milima ya Usambara, tunayajua mashamba hayo kwa kuyatazama kutoka juu. Pale Irente mlima unakatika ghafla, na karibu mita elfu moja chini ya miguu yako ndiko Mazinde, barabara ya Tanga, na nyika inayokwenda mpaka macho yanachoka. Mkonge umepandwa kwa mistari. Ukiwa juu huoni mmea wala mtu. Unaona nukta za kijani zilizopangwa kwa safu juu ya udongo mwekundu, na njia nyeupe zinazokutana na kuachana.

Zao lile lilikuwa na umri wa miaka sitini na ushee Tingatinga alipofika. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida mwaka 1893, ikapitia Hamburg, na iliyofika hai ilikuwa 62, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutokana na hiyo 62, Tanganyika ikawa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani, na kufikia mwaka 1964 uzalishaji ulizidi tani 230,000. Mikono ya kukata haikupatikana kirahisi jirani. Wasambaa walikuwa na mashamba yao milimani, ndizi na mahindi na maharage, na wengi hawakuona sababu ya kushuka kwenda kuchomwa na miiba ya mtu mwingine. Kwa hiyo walisombwa manamba kutoka mbali: Songea, Tunduru, Kigoma, Rwanda na Burundi, Msumbiji. Kazi yao ilihesabiwa kwenye kipande, kadi yenye nafasi za siku thelathini, na siku isiyokamilika haikuandikwa.

Sidai kwamba mkonge ulimfundisha kuchora. Ninachoona ni kwamba ulimtoa kwao. Aliondoka Tunduru akiwa kijana mkubwa, akiwa ameshajaza macho yake, na hakurudi kuishi huko. Tangu Tanga, na baadaye Dar es Salaam alikohamia mwaka 1959, aliishi mbali na pori lile. Miaka yote ya kufanya kazi katika nyumba za watu, yule tembo na yule chui walikuwa ndani ya kumbukumbu tu, na kumbukumbu ina kawaida ya kutupa majani, vivuli na umbali ikabakiza umbo. Tazama picha zake kwa jicho hilo. Hakuna upeo wa macho. Hakuna mlima nyuma. Yupo mnyama peke yake juu ya rangi tupu, amesimama jinsi mtu anavyomkumbuka.

Alianza kuchora mwaka 1968, akiwa na umri wa miaka 36, bila shule ya sanaa. Katika Dar es Salaam ya wakati ule wachoraji kutoka Kongo walikuwa wakiuza picha zao mitaani, na kusini alikotoka watu walikuwa na desturi ya zamani ya kuchora wanyama na watu kwenye kuta za udongo za nyumba zao. Huenda vyote viwili vilimfundisha. Picha zilipelekwa Oyster Bay, nje ya Morogoro Stores, ambako wageni walikwenda kununua mahitaji ya nyumbani, na mke wake, Agatha, alishiriki kuziuza. Baadaye shirika la serikali la sanaa likaanza kuzichukua. Ndugu na vijana wa kusini wakaja kukaa naye na kujifunza: Simon Mpata, Ajaba Abdallah Mtalia, January Linda, Adeusi Mandu, Casper Tedo. Mwaka 1972 askari polisi walilipiga risasi gari alilokuwemo, wakidhani ni la wahalifu wanaotoroka, naye akafa. Alikuwa na umri wa miaka 40. Kazi yote iliyobeba jina lake duniani ilifanyika katika miaka minne.

Ng'ambo ya bahari ya Hindi, katikati ya jangwa la Australia, alikuwepo mtu wa rika lake. Clifford Possum Tjapaltjarri alizaliwa yapata mwaka huo huo wa 1932, Mwaborijini wa kabila la Anmatyerr, na ujana wake aliutumia kuchunga na kuswaga ng'ombe katika mashamba makubwa ya Wazungu, kama Tingatinga alivyoutumia katika mkonge. Alikuwa mchongaji hodari wa mbao kabla hajashika rangi. Kiasi cha kilomita 240 kutoka mji wa Alice Springs serikali ilikuwa imejenga makazi ya Papunya, ikakusanya humo watu wa makabila mbalimbali ya jangwani walioondolewa kwenye nchi zao. Mwaka 1971 alifika pale mwalimu wa shule, Geoffrey Bardon. Wazee wa Papunya walichora kwenye ukuta wa shule mchoro mkubwa wa sisimizi wa asali, mmoja wa wahenga wa ardhi ile, kisha wakaanza kuchora kwenye chochote kilichopatikana. Na kilichopatikana zaidi ni kipi? Vipande vya hadibodi, mabaki ya ujenzi. Mwaka 1972, mwaka wa kifo cha Tingatinga, wachoraji hao walisajili kampuni yao wenyewe, Papunya Tula, na Clifford Possum akajiunga nao.

Watu wa mabara mawili wasiojuana walikuwa na ubao wa aina moja mikononi, na karibu kila kitu kingine kilikwenda njia tofauti. Mchoraji wa jangwani huitazama nchi kutoka juu. Duara zilizopangwa moja ndani ya nyingine ni kisima au kambi. Mstari uliopinda ni njia aliyopita mhenga alipoiumba ardhi. Umbo kama herufi ya U ni mtu aliyeketi, kwa sababu hiyo ndiyo alama anayoiacha mchangani akiinuka. Anayetaka kulielewa jicho hilo bila kusafiri mpaka Australia apande Irente siku ya mwanga mzuri. Tingatinga yeye alisimama ardhini, usawa wa mnyama, uso kwa uso. Mmoja alichora mahali na alama zilizoachwa hapo, mwingine alichora kiumbe aliyeziacha.

Walikutana kwenye nukta. Picha kubwa ya Clifford Possum ya mwaka 1977, Warlugulong, imefunikwa na maelfu ya nukta, zilizowekwa moja moja kwa kijiti au brashi, safu juu ya safu, mpaka ardhi nzima inaonekana kutetemeka kwa joto la moto anaousimulia, moto wa mhenga aliyewaadhibu wanawe wawili. Nayo ilinunuliwa kwanza kwa dola 1,200 za Australia, ikatundikwa katika ukumbi wa chakula wa wafanyakazi wa benki. Mwaka 2007 Jumba la Taifa la Sanaa la Australia liliinunua kwa dola milioni 2.4. Clifford Possum alikuwa amefariki mwaka 2002.

Nukta zile hazikuwa pambo tu. Katika miaka ya mwanzo ya Papunya, wazee wa jamii nyingine waliona michoro inayotakiwa kuonwa na wanaume waliopitia jando tu ikiuzwa hadharani, wakalalamika kwa uchungu. Wachoraji wakaanza kuzifunika alama nzito kwa nukta. Anayejua anaziona chini. Asiyejua anaona uzuri wa juu. Kwa maoni yangu hicho ndicho kilele cha ufundi wao: wamepata namna ya kuonyesha na kuficha kwa kitendo kimoja cha mkono.

Usambara haina sababu ya kulishangaa jambo hili. Watu wa milima hii na majirani zao wa Uzigua walikuwa na sanamu ndogo za udongo za kufundishia katika jando na unyago. Hans Cory, Mwaustria aliyefanya kazi katika serikali ya Tanganyika, alizikusanya na kuandika juu yake kitabu kilichotoka mwaka 1956. Kila sanamu ilikuwa na wimbo wake, na wimbo ulikuwa na fundisho. Mtoto aliyeiona sanamu barabarani bila wimbo aliona kipande cha udongo chenye umbo la mnyama au chombo, basi. Udongo wenyewe ulikuwa wa kawaida, wa bondeni, na mwalimu aliyeufinyanga hakusaini jina. Na hadithi ya kwanza ya nchi hii, ya Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu na kuwalisha watu nyama, aliyeua simba usiku kule Vugha na kukabidhiwa utawala, imebaki hai kwa midomo kizazi baada ya kizazi, mpaka wafalme wa Wasambaa wakaitwa Simba Mwene. Watu wa mlima huu walijua zamani sana kwamba mnyama mmoja anaweza kubeba katiba nzima.

Kwa Tingatinga nukta ina kazi nyingine. Inaanza kwenye ngozi: kanga ana madoa, chui ana madoa, twiga ana mabaka. Lakini mkono ukishapata raha ya kudona ubao, hauishii kwenye ngozi. Nukta zinaenda kwenye majani ya mti, kwenye mawe, zinazunguka jicho. Zinakuwa mapigo. Mchoraji huyu alikuwa pia mpenda ngoma wa kikundi cha watu wa kwao mjini Dar es Salaam, na mimi siwezi kuzitazama safu zile za vitone, kimoja kikubwa, viwili vidogo, kimoja kikubwa, bila kusikia mkono ukipiga.

Baada ya msiba wake wanafunzi hawakutawanyika. Walibaki kando ya Morogoro Stores, wakachora kivulini, wakachukua vijana wapya, na mwaka 1990 wakasajili chama chao cha ushirika kwa jina lake. Kinachonivutia zaidi ni namna ya kufundisha. Mgeni hapewi mnyama. Anapewa ubao na kuambiwa apake rangi ya chini, na kuna siku nyingi za kupaka rangi ya chini tu. Kisha anafundishwa kuififisha: njano juu, chungwa katikati, nyekundu chini, rangi zikiwa bado mbichi, kwa brashi pana, hapa tu ndipo rangi zinaporuhusiwa kukutana kabla ya kukauka. Akishaiweza, anajaza maumbo yaliyochorwa na mwalimu. Kisha anaweka madoa. Kuchora umbo lake mwenyewe, kuanzia pua mpaka mkia kwa mkono mmoja usiokatika, huja mwisho. Papunya nako watoto walijifunza kwa kuweka nukta kwenye picha za wazazi. Mabinti wa Clifford Possum, Gabriella na Michelle, walianza kwa baba yao na sasa wana majina yao.

Najua lawama inayotolewa. Inasemwa kwamba hii ni sanaa ya watalii, kwamba chui ni yule yule miaka hamsini, kwamba Kilimanjaro imebandikwa nyuma ya kila tembo. Sehemu ya lawama ni ya haki. Picha zenye wanyama kumi na wawili waliobanwa kwenye kitambaa kimoja, zinazoanikwa juani ili ziuzwe jioni, hazina heshima kwa mwanzilishi. Zipo pia mbao zenye saini ya E. S. Tingatinga ambazo mkono wake haukuzigusa, kama Clifford Possum alivyolazimika mwaka 1999 kwenda Sydney na kuzikana picha zilizobeba jina lake. Lakini kumrudia chui yule yule si kosa. Mchoraji aliyemchora mara mia tano anajua bega linapoanzia bila kufikiri, na akili yake inakuwa huru kushughulika na jambo la pili: leo shingo irefuke kidogo, leo nukta zipungue karibu na tumbo, leo rangi ya chini iachwe nyeusi tuone chui wa usiku atakavyotokea. Tofauti ni ndogo, na anayependa kazi ya mikono huziishi tofauti ndogo.

Picha hizi zinafika mpaka Lushoto, kwenye kuta za hoteli na nyumba za wageni za mjini. Ukikutana na moja usiitazame kwa mbele. Isogelee kwa upande, karibu na dirisha, mwanga uipite kwa ubavu. Nukta iliyowekwa juu ya rangi iliyokauka huinuka kidogo, utaiona na ukipitisha kidole utaihisi, na ukingo wake ni mviringo kamili. Iliyowekwa mapema imelala na kutandaa. Tazama rangi ya chini pale inapogeuka kutoka njano kwenda nyekundu kama utaona njia ya brashi. Tazama mstari wa mwisho, ule wa kuzungushia, umesimama mara ngapi kuchukua rangi mpya. Kama uko kwa wachoraji wenyewe, ukishamaliza muulize anayeuza ni nani aliyechora, na ni nani aliyepaka rangi ya chini. Mara nyingi ni watu wawili, na wa pili hajasaini popote.